Rangi Mbichi Kwenye Ekzosi

Maiti ilikuwa na afya kuliko waliokuja kuitazama. Hilo ndilo lililomsumbua Inspekta alipochuchumaa kando ya godoro, ndani ya gereji yenye masizi mpaka darini. Fundi alilala chali, fizi na kucha nyekundu, kama mtu aliyetoka kuoga.

"Moshi wa injini," daktari wa polisi alisema. "Sumu yake ikiingia kwenye damu, humwacha marehemu na rangi ya uzima."

Karibu na godoro ilisimama pikipiki. Iliibwa hapo hapo gereji mwaka uliopita, ikaibuka juzi dimbwi la machimbo ya mchanga lilipokauka. Injini mafundi walishaifufua. Kwingine kote kutu tupu, isipokuwa ekzosi, bomba la kutolea moshi. Yenyewe ilikuwa nyeusi tii, inang'aa, kama kiatu kipya kwenye mguu wa maiti. Ufunguo umewashwa. Tangi kavu.

Mkuu wa kituo akapiga simu.

"Kajiua huyo. Andika hivyo tufunge jalada, nina wageni."

Mkuu hakukosa wageni kila alipokufa mtu asiye na mtu.

Mjane alikuwa mlangoni. "Majirani wanasema nimemchosha mpaka kajiua. Wanangu ndiyo waitwe hivyo maisha yao yote, afande? Watoto wa aliyejiua?"

"Jana alikuwaje?"

"Alirudi kula, asile. Akaniambia, 'Mke wangu, leo nimemkuta mama kwenye ekzosi.' Nikamwambia acha mzaha, mama tulishamzika. Akasema anarudi gereji kulala, mama asikae peke yake."

Inspekta alimkumbuka yule mama mzazi wa fundi. Aligongwa na pikipiki mwaka jana, akaachwa mtaroni. Jalada lake Mkuu alilifunga udongo wa kaburi ungali mbichi.

Akamwita mdogo wa marehemu, fundi mwenzake, aliyejulikana kwa jina la Spana.

"Nani alipaka ekzosi?"

"Kaka, jana mchana. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akapaka."

"Mbona hakuianika juani?"

Spana alicheka kidogo. "Nyie afande mnajua pingu tu. Rangi hii haikauki kwa jua, inaiva kwa moto. Unawasha injini, bomba likichemka, rangi inashika kama ngozi."

"Na injini iliwaka mpaka mafuta yakaisha?"

"Si unaona tangi?"

"Haya, bonyeza kwa ukucha."

Spana hakusogea. Inspekta akabonyeza mwenyewe. Ukucha ukazama kama kwenye siagi.

"Rangi hii haijaonja moto. Imepakwa baada ya injini kupoa. Na injini ilipopoa, kaka yako alikuwa maiti. Maiti hashiki brashi, Spana. Ulishasugua ulichotaka kukisugua. Kupaka ulipaka kwa nini?"

"Siwezi kuacha chuma kitupu, afande! Kingeshika ku..."

Akaketi taratibu juu ya tairi.

"Kilikuwa chini ya kutu," alisema. "Kitambaa cha kichwa cha mama. Nailoni, iliyeyukia kwenye bomba la moto siku ile. Mwaka mzima majini, afande, na maua yake bado yanaonekana."

"Wewe ndiye uliyemgonga."

"Nilichukua pikipiki ya mteja nikajionyeshe mjini. Nikamgonga mtu gizani, nikakimbia. Sikujua ni nani mpaka nilipoletewa habari za msiba. Nikaitupa dimbwini, nikasema imeibwa."

"Kaka yako alijua?"

"Hakujua. Alisema asubuhi tuje kwenu, mumtafute aliyeitoa gereji siku ile. Nikaanza kulia. Akanishika bega, akasema, 'Usilie, mdogo wangu, mama atapata haki yake.'" Spana alijifuta uso kwa kiganja chenye masizi. "Alipolala fofofo nikawasha injini. Nikafunga mlango kwa nje."

"Na kitambaa?"

"Nilikikwangua chote alfajiri. Kilinukia mafuta yake ya nywele, afande. Bado kilinukia."

Mjane alikuwa ameingia bila mtu kumsikia. Hakumtazama shemeji yake hata kidogo.

"Kwa hiyo hakujiua?"

"Hakujiua, mama."

"Toka nje ukarudie maneno hayo, afande. Kwa sauti. Wote wanaonisema wako pale."

Inspekta akatoka, akasimama mbele ya majirani, akarudia.