Pumzi Kwenye Mtutu wa Glavu

Jua lilikuwa linazama na nilibakiwa na risasi moja tu kumaliza kazi ya Glavu.

Mtutu mpya haukabidhiwi hivi hivi. Unapiga risasi moja, unasafisha. Unapiga nyingine, unasafisha tena. Ndani bado kuna mikwaruzo ya mashine, na mikwaruzo hiyo inakwangua shaba ya risasi. Ukipitisha kitambaa chenye dawa, kinatoka cheusi kwa masizi, halafu kinatoka na buluu. Buluu ndiyo shaba. Inapungua risasi baada ya risasi, na siku kitambaa kikitoka cheupe, mtutu umekomaa. Ufito wa kusukumia kitambaa unaingia kwa nyuma, unatokea mdomoni mwa mtutu, na kitambaa kichafu hakirudishwi kilikotoka. Marehemu baba alikuwa mpole kwa mambo yote isipokuwa hilo. Ukirudisha uchafu nyuma, unachapwa kofi la mkono hata kabla hajageuka kukutazama.

Baba alikuwa na miezi minne kaburini. Pumzi zilimwisha kidogo kidogo, mpaka kufunga kamba za viatu ikawa safari. Daktari alisema ni mvuke wa dawa ya kusafishia mitutu, miaka thelathini kwenye karakana yenye dirisha moja. Nilimwamini. Nikatoboa dirisha la pili.

Glavu ni jina tulilompa sisi, kwa sababu hajawahi kuvua glavu zake. Kila mwaka alimletea baba mtutu mmoja mpya, umeviringishwa kwenye blanketi. Alitaka ufungwe kwenye kitako cha mbao, ukomazwe, na mwisho upulizwe. Na alitaka upulizwe na mwanamume wa nyumba, mbele ya macho yake. Kwa alivyotusimulia, baba alichomoa bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, akaweka mdomo hapo, akapuliza mpaka Glavu aseme basi. Eti kuhakikisha njia iko wazi. Sisi tulicheka jikoni, tukasema mteja ana visa vyake.

Mwaka huu mwanamume pekee wa nyumba alikuwa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuchonga vitako. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Kupuliza tu?" alisema kaka asubuhi ile. "Mwambie aje na tarumbeta kabisa."

Nikalenga kifusi cha udongo nyuma ya karakana, nikapiga risasi ya kumi. Nikarudi ndani, nikachomoa bolti, nikahakikisha hamna kitu, nikaibana bunduki kwenye jiliwa.

Kuna jambo sikuwa nimemwambia kaka. Tangu risasi ya kwanza, sikuwa nimeona buluu. Hata doa. Vitambaa vilitoka vimelowa, na nilijidanganya kuwa nazidisha dawa. Safari hii nikachukua kitambaa kikavu. Nikakisukuma taratibu hadi mdomoni.

Kilitoka kimelowa... na kilikuwa vuguvugu.

Nikakinusa. Baruti. Mafuta. Na karafuu.

Baba alitafuna karafuu miezi yake ya mwisho, ati zinafungua kifua. Nyumbani hakuna mwingine anayeziweka mdomoni. Nikasimama pale na kitambaa mkononi.

Halafu ndani ya mtutu, mtu akakohoa.

Kikohozi kifupi, cha mtu anayejizuia asiwaamshe wenzake. Nilikisikia ukutani mwa chumba changu miaka mitatu. Nisingeweza kukikosea.

"Kaka," nilimwita kwa sauti ya chini, pale konani alipokuwa anachonga kitako. "Baba alikuwa anaanza kuugua lini, kila mwaka?"

Kaka alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Akishamaliza kazi ya Glavu. Analala wiki nzima. Tulisema uchovu."

Tukatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Glavu aliingia bila kungoja karibu. Alisimama kando ya lile dirisha jipya, kaka ubavuni pake. Kulikuwa na baridi. Kioo mbele ya uso wa kaka kilifanya ukungu, ukafutika, kikafanya tena. Mbele ya uso wa Glavu kilibaki safi.

"Umekomaa?" akauliza.

"Umekomaa."

"Basi apulize."

Kaka akapiga hatua. Nikamshika mkono. Nilikuwa naogopa, nisidanganye, lakini hasira ilikuwa imeupita woga. Huyu mtu alikunywa chai yetu. Alikuja hata msibani, akakaa mstari wa mbele.

"Nitapuliza mimi," nikasema.

"Ninataka mwanamume wa nyumba."

"Aliyeufunga ni mimi. Aliyeukomaza ni mimi. Kama hunitaki, beba blanketi lako."

 Glavu akazunguka hadi upande wa pili wa jiliwa, akainama, akaweka uso wake mbele ya mdomo wa mtutu. Akafungua kinywa. Miaka yote ile sikuwahi kuona sehemu hiyo, kwa kuwa baba alitufukuza chumbani.

"Puliza," akanong'ona.

Nikaweka mdomo kwenye chuma. Kabla sijapuliza, pumzi ilianza kunitoka yenyewe. Ilivutwa taratibu, bila maumivu, kama usingizi unavyokuja.  Nikasikia kaka ananiita kwa mbali...

Ndipo nikakumbuka kofi la baba.

Nisamehe, mzee wangu.

Nikavuta.

Nilivuta kinyume cha kazi, kutoka mdomoni mwa mtutu kurudi nyuma, na uchafu wake wote. Karafuu zikajaa kooni. Kifua kikatanuka mpaka nikadhani mbavu zitaachana, nami nikazidi kuvuta.

"Puliza," alisema Glavu. Sauti ilikuwa imekonda. "Puliza... puli..."

Midomo iliendelea kucheza bila sauti. Akarudi kinyumenyume, mkono wa glavu umeshika koo, akatoka. Blanketi aliliacha sakafuni.

Usiku huohuo niliukata mtutu vipande vinane kwa msumeno. Wiki tatu baadaye wifi yangu alijifungua mtoto wa kike, mwenye kilio cha kuamsha mtaa, na kaka anapuliza tarumbeta ya plastiki kumnyamazisha. Daktari amepima mapafu yangu. Anasema hajawahi kuona mazuri hivyo.

Sikumwambia mengine. Kwamba nakohoa kikohozi kisicho changu. Kwamba wifi alipita mlangoni kwangu nikiwa nimelala, akauliza kesho yake nilikuwa na wageni wangapi.

Na jana, jua likizama, Glavu alirudi. Alisimama nje ya dirisha, uso umekaribia kugusa kioo, na kioo hakikufanya ukungu. Kaka alitaka kuzima taa. Nikamkataza. Nikaenda mpaka dirishani, nikasimama naye uso kwa uso, nikapuliza kioo mara moja.

Ukungu ulitokea sehemu tatu.

Moja ni yangu. Moja ni ya baba. Ya tatu ni ya mwingine aliyewahi kumpulizia, sijui ni nani wala alikufa lini, lakini Glavu akiitaka, atapitia kwangu kwanza.