Batani ya Saa Sita

Jogoo ndiye aliyeanza. Jumatano, jua la saa nne, jogoo wa Fakhriya alikuwa anatembea uwanjani pale Kengeja, kifua mbele kama sheha anayekagua kijiji chake, mara akaruka. Akaruka juu kama mtu anayevuka gogo, akatua, akapiga hatua mbili, akaruka tena. Mbele yake hapana gogo, hapana jiwe, hapana hata ganda la muhogo. Mchanga mtupu.

"Jogoo wako kaingiwa na wazimu," Hamdan alimwambia mkewe. Akacheka, akarudi kwenye kazi yake.

Na kazi ya Hamdan, yakhe, usiiulize. Toka Wingwi hadi Kengeja hakuzaliwa fundi wa mkono ule, na hao ambao hawajazaliwa nao wajue nafasi imeshajaa. Zamani, umeme wa Pemba ulipokuwa wa jenereta, unapanda kama homa na kushuka kama ndoo kisimani, jamaa wa Maskati walikuwa wakiwaletea watoto mashine za geim, zile za kuchomeka kwenye tivii. Umeme ukaziunguza zote. Kila nyumba ikawa na maiti wake wa geim juu ya kabati. Kaka zake Fakhriya peke yao walileta mashine nyingi kuliko karafuu za shamba zima, na zote zikafa. Watu waliona takataka. Hamdan aliona mapambo.

Alichukua bisibisi, gundi na msumeno mdogo. Ganda la mashine akalifanya taa ya ukutani. Bodi yake ya kijani akaitia mishale ikawa saa. Batani akazipanga kuzunguka kioo, nyaya za pedi za kuchezea akazisuka pazia la mlangoni. Kuna mzee mmoja aliingia kuomba kibiriti, akaona kioo kile, akakaa anakitazama mpaka Magharibi na kibiriti akakisahau. Na mgombea mmoja, mwezi wa kampeni, aliposimama Kengeja kuhutubia, Hamdan alipanda jukwaani na kumkabidhi saa kwa mikono yake miwili, watu elfu wanaangalia, na pale penye saa sita kabandika batani moja nyekundu inayong'aa kama tone la damu. Mgombea akashinda, akaondoka nayo Unguja. Kutoka siku hiyo Hamdan hakusalimia mtu bila kumwambia saa yake imetundikwa wapi.

Sasa alikuwa anapamba chumba cha Raniya. Binti yake huyo, mtoto pekee Mungu aliyempa, alikuwa anaolewa na Amur wa Wingwi, na nikaha ilibaki siku tisa. Taa, kioo na pazia vyote vilitoka kwenye mashine moja, nyeusi, nzito, nzuri kuliko zote. Jumanne alitundika taa juu ya kitanda. Jumatano jogoo akaruka.

Alhamisi mchana, baada ya chakula, Fakhriya alikuja uani anatembea kwa ncha za vidole.

"Baba Raniya," alisema, sauti chini. "Njoo. Usivae viatu."

"Kuna nini?"

"Njoo uone weye. Miye siwezi kusema."

Raniya alikuwa amelala chali, mikono juu ya tumbo, na uso wake umetulia kama maji ya mtungini. Vidole gumba vyake havikulala. Vilikuwa vinabonyeza. Cha kushoto kinakwenda huku na huku, cha kulia kinagonga, kinaacha, kinagonga, upesi upesi, kama mtoto aliyeshika pedi ya geim.

"Anaota," Hamdan alinong'ona.

"Raniya hajapata kuligusa geim maisha yake. Tazama nje."

Akatazama dirishani. Kidole cha kulia kikagonga, jogoo akaruka. Kikagonga, jogoo akaruka. Kikagonga mara mbili, na jogoo akaruka mara mbili, ulimi nje, mbawa zinaburura, macho yake yanamwangalia Hamdan kama anayeomba kitu, mpaka akaanguka ubavu kwenye mchanga na miguu yake bado inapiga hewa.

Hapo ndipo harufu ikaja. Ubani, wala hapakuwa na chetezo kilichowashwa, na chini ya ubani kuna plastiki inayoungua. Halafu ikaja sauti nyembamba, tiriri-ti, tiriri-ti, muziki wa geim, unatoka kwenye taa ambayo Hamdan mwenyewe aliitoa matumbo yote akabakisha ganda na balbu.

"Zima," Fakhriya alisema.

"Haijawashwa."

Siku ya pili yake Raniya hakuamka. Ijumaa jua linazama, Fakhriya alitoka jikoni na bakuli la uji kumpelekea, na Hamdan, aliyekuwa kibarazani anatawadha, akamwona mkewe anakwenda moja kwa moja ukutani, anajigonga, anarudi nyuma hatua tatu, anakwenda tena ukutani, anajigonga, uji unamwagika kifuani, wala hapigi kelele, anatokwa na machozi tu, na kutoka chumbani inasikika tiriri-ti, tiriri-ti, na katikati ya muziki ule mlio mdogo wa kidole kinachogonga ngozi, tap, tap, tap, kila tap na hatua yake.

"Hamdan," alisema Fakhriya, anakwenda ukutani mara ya tano, "miguu hii si yangu. Nishike."

Alimshika. Wallahi ilikuwa kama kushika punda anayeteremka mlima. Hamdan huyo huyo, aliyewahi kunyanyua mashine ya kusaga peke yake, aliburutwa na mkewe mwembamba mpaka bega lake likagonga chokaa ikapukutika.

Asubuhi alipanda gari ya kwanza kumfuata Mzee Mabruki, mganga wa Pujini.

Mzee Mabruki alifika na mkoba wake, akavua makubadhi, akasogeza pazia la nyaya. Hakumtazama Raniya. Alitazama juu, kwenye taa, na mkoba ukamponyoka.

"Hili umelitoa wapi?"

"Pujini kwenu," alisema Hamdan. "Mwezi wa kampeni nilikuwa napita kutafuta mashine mbovu. Nikaliona kichakani, kwenye mawe, limefungwa vitambaa. Kitu kimetupwa, Mzee."

"Vitambaa rangi gani?"

"Vyekundu na vyeupe."

"Na juu ya miti?"

"Vilikuwepo vingine. Mzee, mwezi ule kila mti wa Pemba ulikuwa na bendera! Mpaka minazi ilikuwa na vyama. Nikajua za uchaguzi."

"Bendera ya uchaguzi haina mafundo saba," alisema Mzee Mabruki. "Haiwekewi yai wala halua. Weye mtoto wa Kipemba hujui mahali pa mzimu ukipaona?"

Hamdan akaitazama taa. "Halua niliiona. Nikasema kuna mtu kaacha chakula chake."

"Na vitambaa umevitia wapi?"

"Nilipangusia gundi."

Fakhriya akaziba uso kwa ukaya.

Mzee akakaa chini. Akawaeleza polepole. Kulikuwa na msichana Pujini, Mwanapili, aliyekaliwa na jini miaka miwili. Mzee alimtolea jini chungu aingie, akakataa. Akamtolea chupa ya marashi, akakataa. Akasema nyumba anayoitaka ni geim la Mwanapili, kwa sababu ndani yake kuna watu wadogo ambao wanakwenda anakotaka yeye na hawachoki. Akapewa. Akaingia mwenyewe kwa hiari yake, akafungiwa mafundo saba, akapelekwa mzimuni na chano chake cha yai na halua. Alikuwa ametulia mwaka wa kumi.

"Sasa watu wadogo umewavunja," alisema Mzee. "Kapata wakubwa."

Akawasha ubani, akasoma. Aliposoma mara ya tatu Raniya akafumbua macho, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nyembamba, ya kitoto, haina haraka.

"Fundi. Mikono yako mizuri."

Hamdan akatoa shahada.

"Paa langu umelitia taa. Kuta zangu umezitia kioo. Mlango wangu umeusuka pazia, watu wanaupita. Nirudishie nyumba yangu. Yote. Nitaingia nikae. Ikipungua, naikaa hii." Na mkono wa Raniya ukapapasa kifua cha Raniya, taratibu, kama mtu anayechagua kanga dukani.

Hamdan alifanya kazi siku mbili. Hakula. Alibandua batani kwenye kioo moja moja, akafumua pazia, akachomoa balbu, na bodi yake iliyobaki akaitoa chini ya kitanda. Skrubu zote alikuwa nazo, fundi wa kweli hatupi skrubu. Jumatatu alasiri mashine nyeusi ilisimama mezani nzima, na pakabaki tundu moja tu, dogo kama jicho la kuku. Mahali pa batani nyekundu, ile aliyoibandika kwenye saa ya mgombea.

Alilitazama tundu lile mpaka jasho likamdondoka. Saa ilikuwa Unguja, kwa mheshimiwa, sebuleni. Meli ilikuwa inaondoka bandari ya Mkoani asubuhi ya pili yake, na siku za kwenda na kurudi zilikuwapo. Akajaribu maneno mdomoni. "Mheshimiwa, naiomba ile saa niliyokupa mbele ya watu." Na mheshimiwa atauliza kwa nini. Na Kengeja nzima watauliza. Hamdan, anayetoa kwa mikono miwili, anakwenda kunyang'anya zawadi kama mtoto. Na aseme nini, kwamba alimzawadia mkubwa mzima kipande cha jini?

Akavuta kopo lake la batani. Alikuwa nazo nyekundu arubaini, za mashine nyingine. Akachagua moja, akaipiga msasa, akaipaka mafuta, akaitia. Iliingia kama imezaliwa pale. Hata mama wa mashine ile asingejua, Hamdan alijisemea.

Jioni Mzee Mabruki akatandika vitambaa vipya.

"Vyote vimo?"

"Vyote, Mzee."

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Hamdan akamgeukia binti yake. Macho yale yakamngoja. Fakhriya alikuwa amekaa kitandani, kifua na goti vimevimba, ameushika mguu wa mwanawe kwa mikono yote miwili, anamwangalia mumewe.

"Vyote vimo," alisema Hamdan.

Yule kwenye mwili wa Raniya akatabasamu. Mzee akasoma Yasini, akafunga fundo la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kidole gumba cha kushoto kikatulia. Raniya akakohoa, akaomba maji, akauliza kwa sauti yake kwa nini mama kalia na jogoo mbona hawiki. Fakhriya akapiga kigelegele kilichosikika Mkoani. Katika furaha ile hakuna aliyeutazama mkono wa kulia, uliokuwa chini ya shuka.

Mzee Mabruki aliondoka na mzigo wake kuurudisha Pujini. Harusi ikafanyika, na harusi yenyewe usiiulize, pilau lililiwa mpaka mbwa wa vijiji vitatu wakakinai. Raniya akapelekwa Wingwi. Hamdan akalala usingizi.

Siku ya tisa baada ya harusi, saa nane mchana, Amur alikuja peke yake na kikapu cha shokishoki. Alikuwa amekonda. Akasimama uwanjani, hakutaka kupanda kibarazani.

"Karibu baba, mbona wasimama juani?" Hamdan alimwita.

"Baba, nna suala dogo, lakini usinicheke. Raniya utotoni alikuwa akicheza geim?"

Hamdan akaiweka chini bisibisi. "Hata siku moja. Kwa nini?"

"Si kitu. Akilala, kidole gumba chake cha kulia hakitulii. Kimoja tu. Kinabonyeza, kinabonyeza. Nikikishika, usingizini ananiambia kwa sauti ya kitoto, 'Mwambie fundi, kile chekundu si changu.' Sijui maana yake. Ndio nimekuja kukuuliza."

Fakhriya alikuwa ametokeza mlangoni. Akamtazama mumewe, kisha kopo la batani lililokuwa mbele yake, kisha mumewe tena.

"Hamdan," alisema. "Ile saa."

Hamdan akalifunika kopo kwa kiganja.

"Amur, baba," alisema mwisho, "umemwachaje mkeo?"

"Nimemwacha Wingwi, kalala usin—"

Hakumaliza. Goti lake la kulia lilinyanyuka lenyewe. Amur akaliangalia kama mguu wa mtu mwingine, na kabla hajasema audhubillahi akaruka. Akaruka juu kama mtu anayevuka gogo, shokishoki zikatawanyika uwanja mzima, akatua, akapiga hatua mbili, akaruka tena.

Mbele yake palikuwa na mchanga mtupu.