Sale Lisilotaka Maji

Jua lilikuwa linazama Priska alipofika Suji, kijiji cha milimani, kumpelekea mama mkwe wake sukari. Sukari ilikuwa kisingizio tu. Alifuata mmea.

Mwanamke huyu alikuwa ameua hata kaktasi. Kisha akaona kwenye simu kwamba ipo mimea isiyodai chochote: haitaki maji, haitaki jua, inasafisha hewa na kupendezesha sebule. Mvivu akapata wa kufanana naye. Na mmea wenyewe ni sale, lile lile linaloota bure ukweni nyuma ya migomba, kwenye pembe nne za kaburi la baba mkwe.

"Washamba hawa," alijisemea, "wanampambia maiti."

Akang'oa moja. Udongo ukashusha pumzi... ndefu, kama ya mtu aliyeguswa usingizini.

Akasema ni upepo. Wajuaji ndivyo walivyo.

Huko mjini Same, nyumbani kwake, sale lilinawiri sebuleni bila tone la maji, na Priska akawaringia majirani. Siku ya tatu ikaanza harufu ya udongo mbichi. Akapuliza manukato, basi, akaona amemaliza.

Jioni ya siku ya saba mama mkwe akapiga simu. Hakugomba.

"Mama Elinaza, sale lile linamlinda aliyelala. Huko kwako halina wa kumlinda. Lirudishe leo, kabla halijajitafutia."

"Nitakuja Jumamosi, mama," Priska akajibu, akabinua midomo. Akatoka uani kuanua nguo za mtoto.

Krrr...

Sauti ilitoka ndani.

Alirudi mbio. Harufu ikamkaba mlangoni. Chungu cha maua kilikuwa kitupu.

Elinaza, mwanawe wa miezi saba, alikuwa amelala mkekani pale pale alipomwacha. Priska akamnyakua. Ana joto. Anapumua. Akashukuru Mungu, kisha akatazama chini.

Vigae vilikuwa vimepasuka kwenye pembe nne za mkeka. Kila pembe, chipukizi la sale.

Alipanda Suji usiku ule ule kuomba radhi. Mama mkwe alimtazama mikononi, akaona mtoto tu.

"La kurudisha liko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini.

Priska akamkumbatia mwanawe, akateremka naye. Yeye aliyetaka mmea usiomsumbua sasa anashinda na kukesha na mtoto mikononi. Mikono ikichoka humlaza chini, kidogo tu, popote pale.

Krrr...

Humnyanyua tena.