Mstari wa Nne

Kila Jumamosi kabla ya saa moja asubuhi, Asio alikuwa tayari amefagia ofisi ya mamake, amepanguza vumbi kwenye kompyuta na kuinjika chai. Mamake, Everline Ilukor, alisimamia yadi ya malori mjini Malaba, karibu kabisa na mpaka. Malori yanayokwenda Uganda yaliingia yadini, yakapewa nambari, kisha yakaitwa moja baada ya lingine kwenda kukaguliwa. Nambari zilitunzwa na kompyuta. Aliyefika kwanza aliondoka kwanza, na madereva waliamini hivyo.

Kompyuta hiyo ilikuwa imewekwa na Dancan Wesonga, fundi kijana kutoka Matayos. Dancan hakuwa mtu wa kuficha ujuzi wake. Siku moja alimwonyesha Asio, aliyekuwa Gredi ya Nane, dirisha jeusi la kuandikia amri.

"Ukitaka programu, unaandika amri hapa na kompyuta inaifuata mtandaoni yenyewe," alimweleza. "Lakini haiokoti popote. Kwanza inasoma faili hili. Unaona mistari mitatu? Kila mstari ni anwani ya ghala moja la programu. Haya matatu nayajua. Ukiongeza anwani nyingine, kompyuta itachukua vitu huko pia, vizuri au vibaya. Usiongeze bila kuniuliza."

"Sawa, anko," Asio alijibu.

Wiki tatu baadaye, rafiki yake Terry alimpa karatasi yenye anwani ya ghala lililokuwa na programu ya kutengeneza katuni. Ijumaa alasiri, mamake alipotoka kwenda sokoni, Asio alifungua faili akaandika mstari wa nne. Kompyuta ilimwonya kwamba ghala hilo halina sahihi inayotambulika, yaani mwenyewe hajulikani. Asio aliandika amri ya kuilazimisha iliamini. Katuni yake ya kwanza ilikuwa ng'ombe anayeruka kamba, naye alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake, Jumamosi, Everline aliiandikia kompyuta amri ya kusasisha programu zote, kama Dancan alivyomfundisha kufanya kila wiki. Maandishi yakaanza kupita kwenye kioo. Asio, akiwa na kikombe mkononi, aliiona anwani ya Terry ikipita. Kompyuta ilikuwa imekuta huko toleo lenye nambari ya juu zaidi la programu inayotunza foleni, ikalichukua badala ya lile la zamani.

Alitaka kusema kitu. Mamake alikuwa ameshainuka kwenda langoni, na Asio akajiambia kwamba pengine hakuna kilichoharibika.

Kufikia saa tatu, kompyuta ilikuwa imeita nambari saba mara mbili. Lori lililoingia asubuhi hiyo liliitwa mbele ya malori yaliyokuwa yamelala hapo siku mbili. Madereva wawili walipeleka malori langoni kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Mmoja aliteremka, akamvuta mwenzake kutoka kwenye usukani na kumpiga kichwa cha uso. Aliyepigwa aliokota jiwe, akavunja kioo cha mbele cha lori la adui yake. Matingo wao, yaani wasaidizi wa malori, wakaingia kati kwa mateke. Damu ilidondoka kwenye changarawe.

Everline alimpigia Dancan simu. Kabla hajafika, mlango wa ofisi ulisukumwa kwa nguvu, akaingia Alinga, dereva mpana wa mabega ambaye lori lake lilibeba vifaranga wa siku moja, kreti moja mkononi. Alimwaga vifaranga kumi na watano mezani. Wote walikuwa wamekufa kwa joto.

"Mama, angalia!" alifoka. "Mimi niko hapa tangu jana. Wananipita kwa nini? Nani anauza nambari?"

"Hakuna anayeuza, boss. Kompyuta imeharibika. Fundi anakuja."

"Fundi! Si ndiye anaishika hiyo kompyuta?"

Asio alisimama kwenye kona, mgongo ukutani. Maneno yalikuwa mdomoni mwake. Alimwona Alinga akikunja ngumi, akayameza tena.

Dancan alifika kwa bodaboda, akaingia ofisini na mkoba wake begani. Hakuwahi hata kuufungua. "Ndiye huyu!" mtu alipiga kelele, na ngumi ya kwanza ikampata sikioni. Alianguka kwa magoti. Wengine walimvuta kwa shati hadi nje, wakamkanyaga mbavu. Everline alijaribu kumkinga, akasukumwa hadi paji la uso likagonga ukingo wa mlango na kupasuka. Alinga alikuwa na spana ya magurudumu. Aliishusha mara moja. Dancan aliinua mkono wa kulia kujikinga, na Asio akausikia mfupa ukikatika.

"Leteni tairi!" sauti ilitoka nyuma ya kundi. "Na petroli!"

Asio alijua tairi lilikuwa la nini: walitaka kumchoma Dancan akiwa hai. Alipiga kelele, "Mwacheni!" lakini hakuna aliyemsikia. Alikimbilia lori lililokuwa karibu, akapanda, akaegemea honi kwa mikono yote miwili. Honi ililia bila kukoma mpaka vichwa vikageuka. Ndipo aliposimama kwenye ngazi ya mlango wa lori.

"Ni mimi!" alisema. "Si Anko Dancan. Mimi ndiye niliharibu kompyuta. Niliongeza anwani ya programu bila ruhusa, nikanyamaza!"

Alinga alimwendea, spana bado mkononi. Asio alifikiri atapigwa, lakini hakushuka upande wa pili kukimbia.

"Wewe mtoto unamtetea tu," Alinga alisema.

"Simtetei. Njoo uone mwenyewe. Nikishindwa kuonyesha, unipige."

"Hakuna atakayempiga mtoto wangu," Everline alisema, damu ikimtiririka hadi shingoni. Alikuwa amesimama kati yao. "Na hakuna atakayemgusa tena huyo kijana. Ingieni muone."

Walimwinua Dancan, wakamkalisha kando ya kompyuta. Hakuweza kuandika. Midomo ilikuwa imevimba, na alizungumza polepole huku Asio akiandika.

"Fungua faili la anwani. Futa wa nne. Hifadhi."

Asio alifuta. Madereva walijazana mlangoni na dirishani wakitazama.

"Sasa iambie isome maghala upya. Vizuri. Iambie irudishe toleo la zamani kutoka ghala la kwanza." Alifumba macho kwa maumivu, kisha akaendelea. "Kuna nakala ya orodha iliyohifadhiwa alfajiri. Iite hiyo."

Vidole vya Asio vilikosea mara mbili. Mara ya tatu orodha ilitokea, ikiwa na kila lori mahali pake. Lori la Alinga lilikuwa la tatu. Lingeitwa saa mbili asubuhi.

Alinga aliiweka spana sakafuni taratibu, akaketi kando yake. Polisi walioitwa na Everline walipoingia, alikuwa hapo bado, akawanyoshea mikono mwenyewe. Dereva mmoja alijitolea kuwavusha mpaka vifaranga waliobaki hai. Aliyeitisha tairi hakujitokeza, lakini mwenye bodaboda aliyemleta Dancan alikuwa amemwona, akampeleka askari hadi nyuma ya lori alikojificha.

Alasiri, hospitalini, Dancan alilazwa mkono ukiwa kwenye plasta. Everline alikuwa ameshonwa nyuzi sita. Asio aliketi kati yao akilia.

"Nimekuvunja mkono, anko."

"Mkono wangu umevunjwa na Alinga," Dancan alisema. "Kompyuta kuharibika si sababu ya kumpiga mtu, na atajibu mahakamani. Usibebe lake."

"Lako lipo, hata hivyo," mamake akasema. Sauti yake haikuwa ya ukali. "Ulionywa, na kompyuta yenyewe ikakuonya, ukachukua kitu usichojua kimetoka wapi. Hapo ulikosea, na mtoto hukosea. Lakini asubuhi uliiona ile anwani ikipita. Ungeniambia wakati ule, tungefuta mstari mmoja, tukanywa chai. Kila dakika uliyonyamaza, watu walizidi kumtafuta wa kumlaumu, na wakampata asiye na hatia. Ukikosea, Asio, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Dancan alijigeuza kidogo kitandani, akakunja uso kwa maumivu. "Jumatatu kuna kompyuta tatu za kuwekwa pale Amukura," alisema, "na mimi sina mkono wa kuandikia. Ukitoka shule utakuja uniandikie. Kila anwani tutaisoma pamoja kabla ya kuiandika."