Mkwaruzo Kwenye Lenzi Fupi

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikilia, wanachama wa klabu ya picha walikusanyika kwenye darasa la pembeni, lile lenye dirisha moja tu. Walifagia, wakapanga viti, wakamngoja mwalimu wa sanaa aje na simu yake. Picha zote za klabu zilipigwa kwa simu hiyo moja, na kila mtu alikuwa na zamu ya dakika tano.

Alhamisi hii haikuwa kama nyingine. Shule ilikuwa imekubali kuipatia klabu kamera ya kweli, ya kwanza, na kazi yake ilijulikana: kumpiga picha kila mwanafunzi anayemaliza shule, mle mle darasani. Asubuhi, fundi kamera, mama mfupi ambaye miwani yake ilikaa kichwani zaidi kuliko machoni, aliwaazima kamera mbili za dukani kwake wazijaribu hadi jioni. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Nyingine ilikuwa ndogo, imeshatumika, na lenzi yake fupi haikuvuta chochote.

Wa kuchagua alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye wenzake walimwita Taratibu, kwa sababu hata penseli aliichonga akiwa ameketi. Mwalimu alisema mtu wa namna hiyo ndiye anayefaa kuchagua kitu cha wengi. Neno lake ndilo litakalofuatwa.

Taratibu aliigawa kazi. Alibandika ukurasa wa gazeti ukutani, akaupiga picha kwa kila kamera akisimama mahali pale pale. Kisha akampiga picha rafiki yake karibu na dirisha, halafu kwenye kona yenye giza. Rafiki huyo, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikuwa ameshachagua tangu asubuhi.

"Hii kubwa ukiivaa shingoni, hata mwalimu mkuu anakupisha njia," alisema. "Hiyo ndogo je? Kama kopo la mafuta ya kujipaka."

Taratibu alicheka, akaendelea kuandika. Kwenye ile kona, kamera kubwa ilitoa uso wenye ukungu. Ndogo ilitoa uso safi, hata kope ungeweza kuzihesabu, kwa kuwa lenzi yake fupi ilikuwa na tundu pana la kuingiza mwanga. Alirudia mara ya pili na ya tatu. Majibu hayakubadilika.

Lilibaki jaribio moja, la watoto wanaokimbia. Wakati wa mapumziko ya mchana alikwenda uwanjani na Redio, akiwa na kamera ndogo. Upepo ulivuma, vumbi likatanda, na kioo cha lenzi kikajaa chembe za mchanga. Fundi alikuwa amewaonya: kioo hakifutwi kwa nguo, kwanza kipulizwe kwa kipira cha kubinya kitoe hewa, alichowaachia. Lakini kipira kilikuwa darasani, na kengele ilikaribia kulia. Taratibu alivuta pindo la sweta lake, akafuta. Akasikia mlio mdogo, kama chembe ya mchanga katikati ya meno.

Alikigeuzia kioo kwenye mwanga. Mstari mwembamba kama unywele ulitoka ukingoni ukaenda hadi karibu na katikati. Alifuta tena kwa kidole. Mstari ulibaki pale pale.

Redio aliinama akautazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alishusha sauti, akanong'ona, "Lakini si sote tunaitaka kubwa? Sema kubwa ndiyo nzuri. Ndogo itarudi dukani, yatakuwa yamekwisha."

Mchana wote Taratibu alinakili hesabu bila kuziona. Akisema kweli, fundi asingeiazima klabu kitu tena, na kosa lingekuwa lake. Akinyamaza, hakuna ambaye angemlaumu. Wangempigia makofi.

Klabu ilipokutana, fundi alikuwa ameshafika. Aliketi mezani, akatoa tochi ndogo, akaanza kuikagua ile lenzi ndefu. Mwalimu akamwomba Taratibu asome.

Alifungua daftari. Picha mbili za Redio kwenye kona yenye giza, zilizochapishwa ofisini mchana, zilikuwa zimebandikwa pale. Aliutazama ule uso wa ukungu, akawafikiria wanafunzi wote wa darasa la mwisho wakipewa nyuso za namna ile, na sababu wanaijua yeye na Redio tu.

"Inayotufaa ni ndogo," alisema. Minong'ono ilianza, naye akaongeza haraka, "Na nimeikwaruza. Nilifuta kioo kwa sweta."

Ndipo Redio alipoinuka, akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Fundi alishusha miwani machoni, akamulika lenzi fupi. Kisha akapiga picha gazeti lililoko ukutani. Herufi zilionekana zote. Akaielekeza kamera dirishani, akapiga nyingine. Safari hii utando mweupe ulikatiza picha nzima. Akaizungusha kamera wote waone.

"Kovu lenyewe ni hili," alisema. "Ukiupa mwanga mgongo, halionekani. Ukiutazama mwanga, linaharibu kila kitu. Ningelidhani unywele tu, nikairudisha dukani bila kujua, angeichukua mtu mwingine, akaharibikiwa na kazi asijue kwa nini. Ninyi sasa mnajua, kwa hiyo mtalikwepa."

Mwalimu alisema klabu itaichukua hiyo hiyo, na kovu lake. Taratibu atakuwa wa mwisho kupiga picha kwa mwezi mzima, na kila Alhamisi atawahi kuisafisha lenzi huku akiwafundisha wenzake: puliza, piga brashi, ndipo ufute.

Fundi alimpa kile kipira kiwe cha klabu. "Mwanangu, kukosea hukosea kila anayejifunza," alimwambia. "Mimi mwenyewe nimekwaruza vioo vingi kuliko nilivyotengeneza. Lakini kosa lililosemwa watu hulipangia njia. Lililofichwa humngoja asiye na habari."

Wiki iliyofuata, wanafunzi wa darasa la mwisho waliketi mmoja mmoja wakitazama dirisha. Nyuma ya kila mpiga picha, Redio alisimama na kipira mkononi, akikumbusha kila mara, "Mgongo dirishani."