Gololi ya Saba

Jumamosi asubuhi Karani alifagia ua kama kawaida yake, akirudi kinyumenyume kutoka mlangoni ili nyayo zake zisibaki kwenye mchanga. Karani halikuwa jina lake la shuleni. Mjomba wake ndiye aliyembandika, kwa sababu tangu msichana huyo ajue kuandika hakuwa na kazi ila kuorodhesha mambo: nani kavunja kikombe, kuku gani katotoa, baba kaahidi nini na lini. Mdogo wake wa kiume aliliogopa daftari lile kuliko alivyomwogopa mama.

Siku hiyo alifagia nusu tu ya ua. Nusu nyingine ilikuwa imechukuliwa na lori la baba, lililopandishwa juu ya magogo manne. Gia za lori hilo zilikuwa za kujibadilisha zenyewe, na kwa wiki mbili zilikuwa zinajibadilisha zinapojisikia. Likifika kwenye kilima, injini ilinguruma huku lori likienda mwendo wa mgonjwa. Jumatatu baba alitakiwa kupeleka madawati ya shule kutoka kwa seremala. Kwa hiyo mjomba alikuwa ameleta pakiti ya springi mpya na gasketi za kuzuia oili isivuje, vya kuifanya giaboksi, kasha la gia, ishike gia kwa nguvu na kwa wakati, na kazi hiyo angeifanyia hapo hapo uani.

Mjomba alikuwa fundi magari tangu Karani hajazaliwa. Mwaka huo macho yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, bila kujali nani anacheka.

"Shemeji, hutaki nikutafutie kijana wa kukusaidia?" baba aliuliza.

"Wa nini? Mimi nafungua, Karani anaandika. Kila kinachotoka, anakichora na kukiosha."

Baba alimtazama binti yake kwa mashaka. "Vitu vyenyewe vidogo kama mbegu."

"Hata springi moja haitapotea mikononi mwangu, baba," alisema Karani, kidevu juu. Laiti angejua.

Mjomba alijilaza juu ya gunia chini ya lori. Aliimwaga oili nyekundu ndani ya beseni, akafungua bolti nyingi, na mwishowe akatoka amekumbatia kipande kinene cha chuma chenye vijinjia vilivyopindapinda.

"Huu ndio ubongo wa giaboksi," alisema. "Oili inapita humu. Na hizi gololi saba zinafungua njia na kufunga. Oili ikikosea njia, gia nayo inakosea."

Karani alichora kila kijitundu chenye gololi yake. Zilikuwa gololi za chuma, ndogo kuliko zile za kuchezea. Mjomba alizitia kwenye bakuli la mafuta ya taa.

"Zioshee hapa hapa, juu ya gunia. Ukimaliza, yachuje mafuta kwa kitambaa kabla hujayamwaga. Bombani usiende, umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Na kweli alisikia. Lakini jua lilikuwa kali, harufu ya mafuta ilimpanda kichwani, na pale bombani palikuwa na kivuli kizuri. Mjomba alikuwa amerudi chini ya lori. Karani alibeba bakuli lake, akachuchumaa kivulini, akaziosha gololi na kuzipanga kwenye sinia. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hakika amezitoa zote, aliyamwaga mafuta mferejini bila kuyachuja. Akasikia kitu kikigonga saruji mara moja, halafu kimya.

Alihesabu zilizo kwenye sinia. Zilikuwa sita. Alihesabu tena, akianzia upande wa pili, kana kwamba gololi zinaweza kuongezeka kwa kubembelezwa.

Alilala kifudifudi akatumbukiza mkono kwenye tundu la mfereji. Vidole havikuambulia kitu ila utelezi wa sabuni. Alijaribu waya, nao ukarudi mtupu. Neno moja tu lilihitajika, na mjomba alikuwa hatua kumi kutoka hapo, lakini kila alipokumbuka kidevu chake cha asubuhi, mdomo ulikataa. Ndipo alipoikumbuka baiskeli mbovu stoo. Alichokonoa gurudumu lake kwa bisibisi mpaka gololi moja ikadondoka. Aliilinganisha na zile sita na kwa macho hakuona tofauti. Akaandika daftarini: Gololi 7, zimeoshwa.

Mchana mjomba alizirudisha moja moja. Kila gololi aliivingirisha kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada. Alipofika kwenye moja alisita, akaivingirisha tena.

"Karani, ni zile zile?"

"Ndiyo, mjomba. Nimeandika saba."

Mjomba aliinyanyua miwani, akaishusha, akaitia gololi kwenye tundu lake.

Jumapili asubuhi walishusha lori na kulijaza oili mpya. Baba na mjomba walitoka nalo barabarani, na Karani akabaki langoni akiomba kimoyomoyo. Liliondoka vizuri. Lilipofika penye duka la kona, pale linapotakiwa kushika gia ya pili, injini ilipiga kelele kama inayoonewa na lori nusura lisimame kabisa. Baba alijaribu kurudi nyuma, likashtuka kwa kishindo kilichowafanya watu watoke dukani. Hao hao ndio waliosaidia kulisukuma mpaka nyumbani.

Baba alishuka na kuufunga mlango taratibu, jambo lililomtisha Karani kuliko kama angeubamiza.

"Shemeji, simlaumu mtu," alianza. "Ila nilisema tutafute kijana. Macho yako..."

"Usimalize." Mjomba alivua miwani zote mbili akazishika mkononi. "Nimelala chini ya magari miaka thelathini. Leo nashindwa kurudisha gololi saba mahali pake."

Karani alifungua mdomo. Akaufunga. Alitaka mtu amuulize, hata kwa ukali, lakini hakuna aliyemgeukia. Wote walikuwa wanamtazama mjomba.

Mjomba alizifuta spana zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku, akalifunga na kulisogeza kwa baba kwa mguu.

"Mpe fundi yeyote anayeona. Mimi basi."

"Kaka, usiseme hivyo," mama alisema kutoka mlangoni. Kisha akamgeukia binti yake. "Mletee mjomba wako maji anawe."

Karani alileta jagi na sabuni. Siku zote akimnawisha, mjomba humtania: andika, mjomba leo kanawa. Siku hiyo alikinga tu mikono na kutazama chini. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili. Karani alimimina, akamimina, mpaka jagi likaisha na yeye bado ameliinamisha. Machozi yakaanza kumtoka.

"Mjomba, si macho yako."

Alisema yote: kivuli cha bombani, sauti kwenye saruji, baiskeli ya stoo. Alisema haraka haraka, maana alijua akipumzika hatamaliza. Baba alisimama na uso uliowaka.

"Jana yote umekaa kimya? Umetuacha tunasukumwa barabarani, na shemeji yangu anaaga kazi, wewe unatuangalia tu?"

"Ngoja, shemeji," mjomba alisema. Alimtazama mpwa wake bila miwani. "Ile ya baiskeli uliiweka ya ngapi?"

"Sijui, mjomba. Nilizichanganya."

"Ilikuwa ya tano. Nilipoishika, kidole kiliniambia hii siyo, ni ndogo. Nikajiambia, acha uzee, mtoto kaandika."

Mjomba, mikono ikichuruzika maji, alilivuta sanduku lake kwa mguu ule ule alioutumia kulisukuma. Alitoa sumaku, akaifunga uzi na kumkabidhi Karani.

"Haya. Mferejini."

Karani alilala kifudifudi kwa mara ya pili. Sumaku ilitoka kwanza na vizibo viwili vya soda. Mara ya pili ilitoka na kijiko cha chai, kile ambacho daftari lilisema kimepotezwa na mdogo wake. Mdogo mtu alikiokota akakishika juu watu wote wakione. Mara ya tatu sumaku ilitoka na tope la sabuni, na ndani ya tope, gololi.

Waliifungua giaboksi upya. Safari hii Karani aliosha juu ya gunia, juani, na mafuta aliyachuja mara mbili ingawa hakuna aliyemwambia. Alasiri baba alitoka tena na lori. Lilipita duka la kona likipokea gia moja baada ya nyingine, likapanda kilima, likarudi.

Baba aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa mjomba. "Nisamehe, shemeji. Nimeyasema macho yako mbele ya watu."

"Macho ni mabovu kweli," mjomba alijibu. "Vidole ndivyo vizima."

Kisha alimwita Karani akae karibu naye kwenye gunia.

"Gololi kupotea si ajabu. Mimi nimepoteza nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Ungeniambia jana, tungetumia sumaku dakika tano, tukacheka. Lakini uliponiambia saba, niliacha kujiamini nikakuamini wewe. Kosa lako likahamia kwangu, nami nikalibeba kama langu. Nilikuwa naenda nyumbani kuacha kazi, Karani. Ukikosea, sema mapema, kabla hajatokea mwingine wa kulipa bila kujua analipia nini. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Hata jana ulisema umesikia."

Karani aliinamisha kichwa. Alifungua daftari, akakata mstari wa jana, akaandika mwingine chini yake. Akafikiri kidogo, akarudi nyuma kurasa kadhaa na kusahihisha habari ya kijiko.

"Umeandika nini?" mjomba aliuliza. Alivaa miwani ya kwanza, akavaa ya pili, akalisogeza daftari karibu na pua, akalirudisha. "Herufi zako ni kama chawa. Nisomee wewe."

Angeweza kumsomea chochote. Karani alilishika daftari kwa mikono miwili akasoma polepole, neno kwa neno, kama lilivyoandikwa:

"Gololi sita. Ya saba niliipoteza mimi."