Simbamarara Ndani ya Gogo Moja

Kila Jumamosi, Armelle akishamaliza kufagia na kumletea mama yake unga wa muhogo kutoka madukani mtaani kwao Wembley, alikimbilia karakana ya Babu Sutrisno, mchongaji aliyetoka kisiwa cha Java. Huko alimkuta rafiki yake Nishma akimngoja na simu mkononi.

Wasichana hao walikuwa na kazi, tena si ya mchezo. Karakana ilikuwa ibomolewe mwisho wa kiangazi. Maktaba ya mtaa ilikuwa na chumba kimoja cha kufundishia ufundi, nacho kingepewa fundi ambaye video yake ingependwa zaidi na watazamaji. Babu Sutrisno akikikosa, basi, angefunga patasi zake na kuacha kuchonga.

Armelle, mtoto asiyejua kungoja, alipiga video ya simbamarara wa mti aliyechongwa na Babu, amekaa kizimbani, mnyororo ukining'inia juu. Akatia mngurumo na ngoma za kishindo. Nishma alishauri waonyeshe pia mikono ya mzee ikichonga. Armelle akacheka, akauliza nani ana muda wa kumtazama mzee akigongagonga mti.

Jioni mama yake, Myriam, alirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Akaitazama video, akakunja uso.

"Armelle, huyu mnyama amefungwa kwa kosa gani?"

Armelle alipandwa na hasira. Akamjibu kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi yake, kwamba hakuna aliyemfunga. Mnyama, kizimba na mnyororo, vyote ni gogo moja! Patasi ilipenya katikati ya fito za kizimba ikamchonga humo humo, bila gundi wala msumari.

"Ajabu kubwa hiyo," mama akasema. "Mbona sikuiona?"

Armelle alinuna mpaka chakula kikapoa, kisha akaifuta video yote.

Wasichana wakaanza upya, wakimrekodi Babu akichonga gogo bichi, Jumamosi baada ya Jumamosi, mikono ikiwauma kwa kushika simu. Armelle alipouliza kwa nini simbamarara, Babu alisema kwamba kwake yeye mnyama huyo ni hasira ya mtu: ina nguvu, lakini mwenyewe ameidhibiti. Armelle alijijua, akainamisha kichwa. Ngoma wakaziondoa, wakabakiza mlio wa nyundo na patasi tu.

Siku ya kuonyesha video hizo maktabani ukumbi ulijaa. Gogo likaonekana, kisha mikono, kisha jicho likachungulia kati ya fito. Video ilipokwisha walisimama wote wakipiga makofi, na kura zilipohesabiwa chumba kikawa cha Babu Sutrisno. Wengine walikuwa wameshapanga foleni wajiandikishe kwake. Mzee alicheka huku machozi yakimtoka, na Armelle akarukaruka kwa furaha bila kujali nani anamtazama.

Mama alimkumbatia. "Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza," akamwambia. "Lakini hata chema hakijiuzi kikifichwa, mwanangu. Ukitaka watu waiheshimu kazi ya mtu, waonyeshe jasho lake."